Chumvi ya Bosi

Kinyozi hajinyoi, wanasema, na shemeji yangu ni kinyozi. Amemwoa dada yangu mkubwa, kwa hiyo nina haki ya kumtania, na haki hiyo siiachii. Yeye ananyoa upande wa mlangoni, mimi nasuka nyuma ya pazia, na katikati yetu, juu ya kabati la taulo, anaishi Bosi.

Bosi ni samaki wa maji ya chumvi, wa rangi ya chungwa na mistari myeupe, hazidi kidole gumba. Ni wa binti yao. Alipoolewa na kuhamia mbali, aliona safari itamuua samaki, akamwachia baba yake, na baba akaapa kwamba siku binti akija atamkuta samaki wake hai. Mwanzoni alinung'unika kuwa ameachiwa kitoweo asichoruhusiwa kukila. Haukupita muda, akawa anamjulia hali samaki kabla yetu.

Kazi ya tangi aliifanya kama anavyochonga ndevu. Kila Jumatatu, wateja wakiwa haba, alichanganya chumvi maalumu ya tangi kwenye ndoo, akatumbukiza kipimo cha chumvi kinachoelea, akainama mpaka macho yalingane na mstari. Hapo usimsemeshe. Kisha alinyonya uchafu chini ya mawe kwa mpira, akatoa maji kiasi, akamimina mapya. Tangi liling'aa kuliko kioo chake cha kunyolea.

Chumvi hiyo ndiyo pekee aliyoruhusiwa. Ya mezani daktari alishaikataza kwa sababu ya presha, na dada, ambaye ni mpishi wa kantini ya shule, akawa anampikia chakula ambacho shemeji alikiita cha mgonjwa. Alikila bila kulalamika, jambo ambalo lingempa shaka mke yeyote. Mimi nilijua siri: kwenye droo ya mashine za kunyolea mlikuwa na kichupa cha chumvi. Nilimsema mpaka nikachoka.

"Kidogo tu, shemeji," angejibu. "Ya kusindikiza tonge."

Binti akapiga simu kwamba anakuja. Juma hilohilo Bosi akaacha kula. Alijibanza nyuma ya jiwe, akihema mbiombio, chakula kikimpita mdomoni. Shemeji akabadilisha maji, na kesho yake akabadilisha tena. Hali ikazidi kuwa mbaya. Mzee mmoja alitoka hapo na sharubu nene upande mmoja tu. Nilimhurumia shemeji kwa dhati, na si kawaida yangu.

Dada alipita akitoka kazini, akamkuta mumewe amekaa kwenye kiti cha wateja, macho kwenye tangi. Alipitisha kidole ukingoni mwa kioo, palipogandia ukoko mweupe. Akachovya kidole majini, akaonja. Akaenda kwenye ndoo, akaonja tena.

"Mume wangu, haya ya tangi yamekolea kuliko ya ndoo."

"Haiwezekani. Napima kila mara."

"Unapima wapi?"

"Kwenye ndoo."

"Na maji ya tangi yakipungua katikati ya juma?"

"Najazia ya ndoo hayohayo. Samaki wa chumvi, nimjazie soda?"

Dada alicheka mpaka akaketi. "Mchuzi ukikaa motoni unakauka, si ndiyo? Yanayopaa ni maji, chumvi inabaki sufuriani. Sasa ukiuongezea maji ya chumvi, nani ataula? Ya kujazia yawe matupu. Ya chumvi ni ya kubadilishia Jumatatu."

Shemeji akatumbukiza kipimo tangini kwa mara ya kwanza. Kikaelea juu mno, dalili kwamba chumvi imezidi.

"Umekatazwa chumvi," nikamwambia, "ukaona umlishe mwenzako fungu lako."

Alitaka kumwaga maji yote papo hapo. Dada alimshika mkono. "Polepole. Aliyezoea chumvi hashushwi kwa siku moja. Hata wewe nilikupunguzia kidogokidogo."

Shemeji akaitazama droo, kisha akanitazama mimi. Nami nikaangalia nywele nilizokuwa nasuka.

Tangu hapo kila siku alitoa kikombe cha maji ya tangi, akarudisha kikombe cha maji matupu yaliyochujwa. Asubuhi moja Bosi alitoka nyuma ya jiwe na kudaka chakula. Shemeji alimwacha mteja na povu shingoni, akaja kuniita nikaone. Nilifurahi kama samaki ni wangu.

Binti alikuja, akamkuta Bosi anazunguka tangi lake kama mwenye nyumba. Tulikula wote palepale saluni, chakula cha dada. Shemeji akaonja, akasita, akafungua droo. Nilikohoa. Akatoa kichupa na kukiweka mbele ya mkewe.

"Kaa nacho," alisema. "Wewe ulikuwa unapima ndoo tu, mama." Akajigusa kifua. "Tangi nilikuwa naliharibu mimi."

Safari hii dada hakucheka. Alikitia mkobani, akamwongezea mumewe mboga.