Bereti, Kepi na Helmeti ya Koplo Nafula

Siku yangu ya kwanza bohari, kapteni aliyesimamia stoo zote za kambi alinipa bereti mpya, ikiwa bado imekunjwa kwenye karatasi yake, akaniambia niivae. Nikaivaa. Alinitazama, kisha akamgeukia koplo aliyekuwa akipanga mabuti rafuni.

"Huyu amevaa nini?"

"Chapati, afande," koplo akajibu.

Ndivyo bereti mpya ilivyo, wajukuu zangu. Inatoka kiwandani ikiwa bapa, na ukiivaa hivyo kambi nzima inajua wewe ni mgeni. Lazima uifinyange. Unaichovya kwenye maji moto, halafu maji baridi, unaikamua, kisha unaivaa ikiwa bado mbichi. Upande wa kulia unauvuta chini kuelekea sikio, na nembo unaiweka juu ya jicho la kushoto. Unakaa nayo mpaka ikaukie kichwani mwako na kushika umbo lako. Manyoya yanayobaki unayanyoa kwa wembe. Jioni hiyo shingo yangu ilikuwa imelowa na masikio yananiwasha, lakini kapteni alipopita aliniita kwa jina langu, Njoki.

Nilizaliwa Dagoretti, pembezoni mwa jiji. Baba alifanya kazi machinjioni, na mama aliuza mboga sokoni. Nilipoenda nyumbani nikawaeleza kwamba kazi yangu jeshini ni kugawa kofia, baba aliendelea kutafuna nyama yake.

"Na bunduki," akauliza hatimaye, "nani anagawa?"

Niligawa kofia katika kambi hiyo ya magharibi mwa jiji hadi nikawa sajini. Kulikuwa na bereti ya kila siku, na kofia ya msituni ya kitambaa laini yenye ukingo pande zote. Kulikuwa na kofia ngumu ya gwaride, ile yenye mdomo mweusi unaong'aa, na helmeti. Kofia za gwaride za maofisa zilipolegea nilizipeleka mtaa wa Parklands kwa mzee mmoja Mhindi aliyezinyoosha kwa mvuke juu ya kichwa cha mbao. Nilipenda kumtazama akifanya kazi. Alikuwa akiniambia, "Mama, watu wanadhani kichwa ni mpira. Kichwa ni yai, na kila yai liko tofauti."

Baadaye nilihamishiwa ofisi ya sare katikati ya jiji, chini ya kanali mmoja mrefu, mpole wa sauti, asiyependa kurudia neno. Asubuhi moja aliniita.

"Sajini, kuna wanaotaka bereti iondolewe kwenye kazi za kila siku. Wanataka tulete kepi laini yenye ukingo wa mbele. Nenda ukawaulize askari. Maofisa nimeshawasikia."

Nikarudi kambi yangu ya zamani. Niliwakuta askari wamemaliza chakula cha mchana, wamekaa kwenye mabenchi nje ya jiko. Nilipotaja bereti tu, Koplo Kiprono alianza. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na kichwa chake alikinyoa hadi kikang'aa.

"Afande, hii kitu ni sufu. Jua ya saa nane ikikupata, unaskia ubongo ikichemka. Na haina kivuli. Macho yetu imeisha."

"Mvua ikinyesha inanuka kondoo," mwingine akadakia.

"Kwa hivyo tuiondoe?" nikauliza.

Kiprono akashtuka. "Nani amesema tuiondoe?"

"Wewe."

"Mimi nimesema inachoma. Sijasema mtu aguse bereti yangu. Ukinivalisha kepi, nikishuka steji watu wataniuliza niko soja wa kulinda supamaketi gani."

Benchi zima likaangua kicheko. Wachache waliitaka kepi, wakisema kazi ni kazi, bereti ibaki ya gwaride na harusi. Wengine wakawazomea. Nilikaa nao mpaka chai, na nilijifunza kwamba askari anaweza kuilaani kofia yake asubuhi hadi jioni na bado akapigana nawe ukitaka kumvua.

Mwanamke mmoja mwishoni mwa benchi hakusema lolote. Nilipoaga alinifuata hadi karibu na geti.

"Afande, mimi ni Koplo Nafula. Umeuliza bereti, umeuliza kepi. Na helmeti?"

"Sikutumwa kuuliza helmeti."

"Najua, afande. Hakuna mtu hutumwa."

Nikasimama. Akanieleza. Alikuwa amechaguliwa kwenda na kikosi cha kulinda amani nje ya nchi, na kila aendaye lazima afaulu mtihani wa shabaha akiwa amelala kifudifudi, amevaa fulana ya kuzuia risasi na helmeti. Mtihani wa kwanza alikuwa ameanguka. Sheria ya wakati huo iliwataka wanawake wafunge nywele kifundo kimoja kisogoni. Akilala na kuinua kichwa, kifundo kiliisukuma helmeti ikamshukia machoni.

"Wanasema nini wakubwa wako?"

"Wanasema dawa ni wembe."

"Nywele huota, Nafula."

Alitazama chini. "Nilinyolewa siku tulimzika mume wangu. Kwetu mjane hunyolewa. Alikuwa askari pia, aliugua tu akatuacha. Nikakaa na hicho kichwa, na kila mtu akinipita sokoni anajua bila kuuliza. Zilipoota niliapa nitanyoa siku nitapenda mwenyewe." Akaongeza, "Yeye alienda huko kulinda amani. Akirudi alikuwa ananihadithia mpaka watoto wanalala. Nataka kwenda nione. Nimebakishiwa mtihani mmoja, afande. Nikianguka, nafasi inaenda kwa mwingine."

Nilirudi mjini na maneno hayo yakinizunguka kichwani. Mimi pia nilikuwa na kifundo kisogoni, ila sikuwa nimelala na bunduki tangu mafunzoni.

Kanali alisikiliza habari ya bereti na kepi akitabasamu. Nilipofika kwenye helmeti tabasamu likaisha.

"Sikukutuma helmeti, Sajini."

"Ndiyo, afande."

"Wanaume wamelalamika?"

"Hapana, afande."

"Basi hilo ni suala la nywele."

"Huenda, afande. Lakini ningeomba uje uwanja wa shabaha ujionee mwenyewe."

Sajini hamwaliki kanali mahali. Hilo nililikumbuka neno likiwa tayari limeshatoka. Alizungusha kalamu mezani. Chini barabarani magari yalipiga honi, na mimi niliyasikiliza yote.

"Alhamisi," akasema.

Alhamisi hiyo kanali aliamuru kikosi kizima kilichochaguliwa kwenda nje, wanaume kwa wanawake, walale kwenye mstari na fulana na helmeti, bunduki zikiwa hazina risasi. Wakalala. Akasimama mbele yao.

"Inueni vichwa. Nani haoni vizuri?"

Mkono mmoja tu ulipanda, wa Nafula. Nikaona midomo ya wanaume wawili watatu ikitabasamu.

Kanali aliweka mikono mgongoni. Alitembea polepole mbele ya mstari, akiinama kidogo kila anapompita mtu, mpaka alipofika kwa Kiprono. Akainua mkono.

"Koplo, nimeinua vidole vingapi?"

Kiprono akahangaika kunyoosha shingo.

"Koplo Kiprono. Unaona nini?"

"Naona mabuti yako, afande."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Kiprono hakuwa na unywele hata mmoja, lakini kola ya fulana yake ilikuwa imeisukuma helmeti kutoka nyuma hadi ikakaa juu ya pua. Kanali aliwapitia waliobaki mmoja baada ya mwingine. Zaidi ya nusu waliona mabuti.

"Kwa nini hamkusema?"

Kiprono ndiye aliyejibu, bado akiwa kifudifudi. "Ukisema helmeti inakusumbua, afande, unaonekana mwoga. Kila mtu amejipangia yake. Mimi huisukuma na kidole kabla ya kufyatua."

Kanali alinigeukia. "Tunaweza kufanya nini kabla ya mtihani?"

Nilimwambia kwamba mikanda ya ndani ya helmeti inaweza kulegezwa mbele na kukazwa nyuma, kila mtu kwa kichwa chake, na kwamba kazi hiyo ningeifanya mwenyewe. Kwa wanawake, nikaomba wasuke mistari inayolala kwenye ngozi badala ya kifundo. Hilo lilihitaji neno lake, kwa sababu lilikuwa kinyume cha sheria ya mavazi.

"Wasuke," akasema, kwa sauti ambayo mstari mzima uliisikia. "Sheria nitaishughulikia mimi."

Alasiri hiyo Nafula alikaa kwenye kreti pale bohari, nami nikakaa nyuma yake na chanuo. Nilipogawanya nywele za kwanza nilihisi mabega yake yamekuwa magumu kama ubao.

"Nakuumiza?"

"Hapana, afande." Akashika kingo za kreti. "Mara ya mwisho mtu mwingine kunishika kichwa, ilikuwa ule wembe."

Nikaendelea kusuka taratibu zaidi. Nilipofika mstari wa katikati mabega yake yalikuwa yameshuka, na alianza kunihadithia habari alizokuwa akihadithiwa na mumewe: mvua za nchi ile, na mtumbwi wa wanajeshi uliopinduliwa na kiboko.

Siku ya mtihani hakuwa wa kwanza. Hata wa pili hakuwa. Lakini alifaulu, na alipovua helmeti alinitafuta kwa macho katikati ya watu, akanipigia saluti ndefu kuliko inavyotakiwa. Kiprono naye alifaulu, na tangu siku hiyo aliwaambia makurutu kwamba yeye ndiye aliyegundua ubovu wa helmeti.

Kuhusu bereti, ilibaki, na kepi ikaruhusiwa kwa kazi za sulubu. Haukupita muda malalamiko yakahamia kwenye kepi.

Nilistaafu nikiwa sajini mwandamizi. Sasa naishi Dagoretti kwenye shamba dogo la wazazi wangu, na vijana wa jirani wanaotamani jeshi huja kuniuliza kazi ile ilikuwaje. Nawaambia kwamba mtu wa bohari hapigiwi makofi kwenye gwaride. Nawaambia pia kwamba ukimuuliza askari maoni yake, kwanza atakuchekesha. Ukiondoka hapo umepata kichekesho tu. Kaa. Mwenye neno mara nyingi ni yule aliye mwishoni mwa benchi.

Siku ya kuniaga walinitengenezea chai na keki katika ukumbi wa kambi. Nafula alikuwapo, amesharudi salama, naye akiwa ameshakuwa sajini. Kanali alisimama kunishukuru, akanitania mbele ya watu wote.

"Sajini Njoki, kabla hujatuacha, una maoni yoyote ya mwisho kuhusu kofia?"

Wakacheka. Nikasimama.

"Kofia zinatosha, afande," nikasema. "Lakini hakuna aliyewahi kutumwa kuuliza kuhusu mabuti."

Wakacheka tena. Kanali hakucheka. Aliweka kikombe chini, akavuta kiti, akaketi akiwatazama.

"Mabuti yana nini?"

Kisha msichana mmoja, praiveti ambaye sikumjua hata jina, akanyoosha mkono kule nyuma. Baada yake mwingine, na mwingine. Chai ilipoa. Nilipochukua mkoba wangu na kutoka, walikuwa bado wanazungumza.