MC wa Miaka Mia Mbili na Hamsini

Mzee Kalisti hakuwahi kuanza kuzungumza bila kusema "itifaki imezingatiwa." Aliisema ndani ya lifti yenye watu wawili na mbwa. Aliisema kwa daktari wa meno kabla hajafungua kinywa kwa shughuli iliyompeleka. Siku moja, katika duka la dawa hapa Wheaton, nje kidogo ya Washington, aliwageukia watu wa foleni akawajulisha, kwa Kiingereza chake cha taratibu, kwamba itifaki yote imezingatiwa, kisha akaulizia dawa ya kikohozi. Msichana wa kaunta akamwambia asante, maana hakujua aseme nini.

Kazi yake ya mshahara ilikuwa kulinda gereji ya magari chini ya jengo la ofisi mjini, na alistaafu kimya kimya, bila hata soda. Lakini Watanzania wa huku walimjua kama MC. Kwa miaka ishirini na sita alisimamia harusi, vipaimara na sendofu za kuaga mabinti wanaoolewa, kuanzia Woodbridge hadi Baltimore. Mimi niliishi ghorofa moja naye, milango ikitazamana, na kwa kuwa mkewe alishafariki na bintiye Queen alikuwa Virginia, mara nyingi mimi ndiye niliyemfungia tai.

Halafu ikaja sendofu ya Landover. Ukumbi ulikodiwa hadi saa tano usiku. Saa tatu na nusu mzee alikuwa bado anatambua uwepo wa wageni, mmoja mmoja. Alimaliza wajomba, akaingia kwa mashangazi, akafika kwa majirani wa zamani wa familia walioko Ohio ambao hawakuja kabisa, akawatambua nao pamoja na sababu za kutokuja kwao. Bibi harusi mtarajiwa alikuwa nje kwenye gari, viatu amevua. Saa tano taa zikazimwa na kuku wakiwa hawajaguswa. Tangu siku hiyo kazi zake za u-MC watu walimpa Kimutai, kijana wa Kikenya anayeendesha shughuli huku anacheza. Kwa miaka miwili simu ya mzee haikulia kwa ajili ya kazi. Hakulalamika. Ila kila Jumamosi alivaa suti, akashuka kukaa kwenye makochi ya mapokezi hadi jioni, kisha akapanda kulala.

Kwa hiyo Christopher, meneja wa jengo letu, alipobandika tangazo kwamba tarehe nne Julai wapangaji watasherehekea Marekani kutimiza miaka mia mbili na hamsini, na kwamba anatafutwa mtu wa kusema maneno machache, nilijua nani atajitokeza. Christopher akampa dakika nne, baada ya wimbo wa taifa na kabla ya soseji. Mzee akaniambia nimsikilize vizuri: akiharibu hii, maikrofoni hataishika tena mpaka azikwe, na hata siku hiyo ataishika mwingine.

Kikao cha maandalizi kilifanyika chumba cha kufulia nguo. Mzee aliuliza swali moja tu: mwenye siku ni nani? Christopher akajibu ni Marekani. Mzee akasema hilo analijua, ila keki ikishakatwa, mwenye siku ndiye anayewalisha wageni kipande kimoja kimoja, na nchi haina mkono. Christopher akapendekeza kila mtu achukue sahani yake.

"Hapo mzee ako sawa," akasema Chepkirui, nesi wa ghorofa ya pili, anayetoka Kericho. "Hata mtoto wa mwaka mmoja hushikwa mkono akalisha watu. Birthday bila mwenyewe ni matanga."

Ikaamuliwa atafutwe mtu wa kuikalia Marekani kiti. Mzee alishamchagua: Miss Earline wa ghorofa ya kwanza, mwanamke mweusi wa miaka tisini na moja, mzaliwa wa Washington penyewe, mpangaji mkongwe kuliko wote.

Mzee Kalisti hakuwa mtu wa kumwomba mwanamke jambo kubwa koridoni. Alivaa suti. Akanichukua mimi kama mjumbe, tukabisha hodi na kilo mbili za zabibu. Tulipokaribishwa akabaki amesimama, akaeleza ametoka ukoo gani, ana afya gani, ameishi kwa uaminifu gani tangu afiwe, na kwamba muda mrefu amekuwa akiitazama nyumba hii kwa heshima. Nikamvuta koti. Hakunielewa. Akasema amekuja kuomba.

Miss Earline alikula zabibu moja. Akamjibu kwamba ameshazika waume wawili, wote wakorofi, na mguu wake hauko tena kwa mambo hayo, ila amefurahi kuulizwa.

Ilinichukua muda kumweleza bibi kilichotuleta. Mzee alikaa chini akifuta jasho. Bibi alipoelewa alicheka mpaka akashika kifua, akasema sawa, kukaa kwenye kiti siyo kazi, atakaa.

Siku ilipofika, uwanja wa nyuma ulijaa. Fredy, fundi wa jengo, mtu wa El Salvador, alikuwa kwenye jiko la mkaa. Keki ilikuwa pana kama mlango. Miss Earline alikaa kwenye kiti tulichokifunga vitenge, kofia nyeupe kichwani, akiwaangalia watu kama wamechelewa kazini. Mzee akashika maikrofoni.

Nilimwombea asimtambue mtu. Alizingatia itifaki, akatambua majimbo kumi na matatu ya mwanzo, kwa pamoja, Mungu amjalie, na akamwalika mwenye siku akate keki awalishe wanawe. Dakika tatu. Christopher alinyanyua kidole gumba.

Miss Earline akakata. Akaweka kisu chini. Halafu akakunja mikono.

Mzee akamwinamia, akamkumbusha kwa upole. Bibi akatikisa kichwa, akaivuta maikrofoni mdomoni bila kuichukua, akasema kwa Kiingereza chake, na tukasikia wote:

"Nimepika kantini ya serikali miaka thelathini na nne. Nilikuwa mtu mzima kabla sisi wa Washington hatujaruhusiwa kumpigia kura rais, na siku hiyo tuliporuhusiwa nilipiga kura asubuhi, mchana nikawa jikoni. Nimeilisha nchi hii. Leo inilishe yenyewe."

Nilimwona mzee akitazama karatasi yake. Katika miaka yote ile hakuna mwenye siku aliyewahi kukataa kulisha. Hilo halimo kwenye ratiba ya mtu yeyote. Christopher alianza kusogea aje amsaidie, yaani aje achukue maikrofoni. Hapo ndipo Landover ilipokuwa inarudi, na mzee aliiona inakuja.

Akakunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Ndugu waalikwa," alisema, na safari hii kwa Kiswahili, labda kwa hofu, "mwenye siku amenena. Upande wa El Salvador, sogeeni mbele mumlishe mama yenu."

Hakuna aliyemtafsiria Fredy, lakini alisikia jina la kwao. Akaacha koleo, akafuta mikono kwenye aproni, akaenda. Mzee akaita Kericho. Akaita Ethiopia ya ghorofa ya tatu. Akaita North Carolina, akaita wazaliwa wa Ohio, ambao safari hii walikuwapo. Kwa sababu bibi ana sukari, Chepkirui alisimama pembeni akikata vipande vya ukubwa wa kucha na kuwagombeza wenye mikono mikubwa. Miss Earline alipokea kila kipande kwa macho makavu na kukitafuna kwa ukaguzi. Kwa Christopher alifungua kinywa mara mbili, kama fidia ya bomba la bafuni kwake ambalo halijatengenezwa tangu Pasaka.

Ilichukua saa nzima na dakika kumi. Soseji ziligeuka makaa. Hakuna aliyeondoka.

Simu za kazi hazikuanza kulia baada ya hapo, sitaki kudanganya. Ilikuja moja tu, ya ubatizo, wakaahirisha. Lakini Jumamosi mzee aliacha kukaa mapokezi. Alikuwa akipika ndizi, akashuka na bakuli kwa Miss Earline, na mara nyingi kupitia dirisha niliwasikia wakibishana kuhusu chumvi.

Mwezi wa kumi goti lake lilikataa ngazi, na jengo letu halina lifti, Queen akaja kumchukua akaishi kwake Woodbridge, Virginia. Tulipakia masanduku matatu na suti tano. Nilitegemea hotuba. Alikaa kiti cha mbele, akafunga mkanda, akateremsha kioo na kunikabidhi lile bakuli.

"Mwanangu," alisema, "akikwambia ameshakula, usimwamini."