Muuaji Nilimtaja Mapema

Zamani kule Kola tulichimba matuta ya mashamba kwa mwethya, ile kazi ya kusaidiana, na mama mmoja mwenye sauti nzito alikuwa akitusimulia hadithi moja tu, kila wiki. Mwisho wake tuliujua, na bado tulicheka. Basi nikakua nikiamini hadithi tamu ni ile unayoijua.

Mke wangu alipofariki nilibaki na tivi na vipindi vyangu vya upelelezi. Lakini kuviangalia peke yako ni kama kula peke yako. Nikamwalika jirani, mwalimu mstaafu ambaye hakuwa amewahi kuviona. Nilitaka sana avipende, ndio awe anakuja kila Jumapili baada ya kanisa.

Nilimchagulia kile kizuri kabisa. Daktari mmoja alipotokea tu kwenye tivi, nikamwambia, "Mwangalie huyo vizuri, mwalimu. Ndiye muuaji."

"Sasa wewe mzee, kama umeshamfunga, mimi nimekuja kuangalia nini?"

"Vile anashikwa! Utamu uko hapo."

Akamaliza chai yake, akachukua kofia, akapita katikati ya mahindi yangu akaenda. Hakurudi tena.