Walinipaka Poda Nikiwa Edani

Wifi yangu alirudi kutoka kisimani akanikuta napakwa poda.

Nilikuwa kwenye mkeka wangu wa eda, ukumbini, katika nyumba ya marehemu mume wangu huku Kisarawe, nimevaa nguo nyeupe. Mbele yangu kachuchumaa dada meneja wa kampuni niliyokuwa naifanyia kazi, kanishika kidevu, ananipangusa mashavu na sponji lake. Mkononi nimeshikishwa pakiti ya mananasi makavu. Mlangoni kasimama mkurugenzi, kijana wa rika la mwanangu wa kwanza, na pembeni yake mwanaume nisiyemjua ana kamera begani. Wanaume wawili, hakuna hata mmoja aliye ndugu yangu, na udongo wa kaburi la mume wangu haujakauka.

Wifi akatua ndoo taratibu. Akaniangalia mimi, wao hakuwaangalia.

"Wifi," akasema, "kumbe leo kuna harusi na mimi sikualikwa."

Nimetukanwa sana katika maisha yangu, lakini sijawahi kutukanwa kama siku ile. Mjane kwetu anakaa ndani miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hajitii manukato, na mwanaume wa nje hamwoni hivi hivi. Mambo haya hata mtoto wa madrasa anayajua. Na mimi wifi yangu kanikuta nang'aa kama bibi harusi, nimeshika mananasi.

Watu wananiuliza kwa nini sikukataa. Ndiyo maana naandika, ingawa shule yangu iliishia darasa la nne. Ili mtu aelewe inabidi nianzie Zegereni, Kibaha, kule kazini.

Kampuni ilikuwa ndogo, banda moja la bati na vikaushio vya jua nje, katikati ya viwanda vikubwa. Sisi akina mama tulimenya mananasi na maembe, tukakata, tukakausha, tukapakia. Mimi nilipanga chumba Pangani ya hapo hapo Kibaha, siku za mapumziko nakwenda Kisarawe kwa mzee, mume wangu, yeye alikuwa na shamba lake la mihogo.

Mkurugenzi alipotuajiri alisema pale hakuna bosi. Pale ni familia. Shikamoo akaipiga marufuku, kwamba inaleta matabaka, na yeye tumwite kaka. Basi mwanamke mwenye wajukuu anamwita yule mtoto kaka. Tulidhani ni unyenyekevu. Kumbe shikamoo ni kamba, inamfunga mdogo asimpandishie mkubwa sauti, na yeye alikuwa ameifungua kamba yake.

Kila asubuhi kabla ya kushika visu tulisimama duara. Kila mtu aseme mwenzake alikosea nini jana. Ukisema hujaona kosa, wewe ndiye unayeficha, unawekwa katikati. Aliyetajwa haruhusiwi kujitetea. Anatakiwa kusema, "Ndiyo, nashukuru kwa kunijenga," kisha tunampigia makofi. Ikawa tukikutana getini tunaulizana, leo anamenywa nani, tunacheka. Kicheko chenyewe hakikutoka moyoni. Mwenzangu mmoja aliwekwa katikati kwa sababu alikwenda chooni mara nyingi, naye ana mimba. Alishukuru kwa kujengwa. Tukapiga makofi.

Ukikaa sana mahali kama pale, mdomo unazoea. Ukiambiwa simama, unasimama. Ukiambiwa geuka, ndiyo, nashukuru. Nadhani mtu angenikanyaga mguu siku zile ningemshukuru.

Picha nayo ilianzia hapo hapo. Nilipigwa nikiwa namenya, sikuulizwa, nikaja kujiona kwenye pakiti dukani Mlandizi. Nikalalamika kidogo. Dada meneja akaniambia nimebahatika, sasa mimi ndiye mama wa bidhaa. Yeye ndiye mkono wa kulia wa mkurugenzi. Kila lililoamuliwa lilipita mdomoni mwake.

Mume wangu akafa ghafla, kifua. Nikaenda Kisarawe, tukazika, nikakaa eda. Mkurugenzi akanipa ruhusa ya siku tatu. Nikamweleza kwa simu eda ni nini. Akaniuliza kama haiwezekani kuifanya kisasa, niletewe kazi ya kupakia nyumbani. Nikasema haiwezekani. Akakata simu, nikadhani kaelewa. Kumbe kulikuwa na wageni wa kutoka nje wanakuja kuangalia kampuni, na walitaka kumwona yule mama wa kwenye pakiti.

Mkurugenzi mtu anaweza kumwombea udhuru kwamba ni mtoto wa mjini, hajui. Dada meneja simwombei. Yeye kalelewa Mlandizi. Alishanisimulia mwenyewe jinsi mama yake alivyokaa eda, na yeye ndiye aliyekuwa akimchotea maji. Anajua mlango wa mjane unafunguliwaje. Alibisha hodi peke yake, kajitanda khanga kichwani, akasema amekuja kutoa pole. Mwanamke mwenzako akija na pole humwachi nje. Nikamkaribisha, tukalia pamoja, tena machozi yake yalitoka kweli. Alipomaliza kulia akageuka mlangoni akasema, "Karibuni." Wakaingia na viatu.

Akafungua mkoba. "Kidogo tu mama, uso using'ae kwa jasho," akasema. Nikamwinulia uso. Ndivyo duara lilivyonizoeza.

Video waliyonipiga siku ile ilizunguka kwenye simu za watu mpaka huku vijijini. Mimi na macho mekundu na poda na pakiti, chini yake wameandika kwamba familia haimwachi mtu wake. Nikapiga simu waifute. Dada meneja akajibu haiwezekani, imependwa sana.

Siku ya arobaini ya mzee, watu wamejaa uani, shemeji yangu mkubwa alikataa sahani niliyomwandalia. Hakufoka. Aliisogeza tu, akamwambia jirani yake, kwa sauti ya kunifikia, kwamba mjane wa mdogo wake alikuwa akiuza mananasi kaburi likiwa bichi. Tangu siku ile hanijibu salamu. Nakaa katika nyumba ya ukoo wao kama mpangaji. Wifi ananisemesha, ila nikipita na khanga mpya ananiuliza kama wapiga picha wako njiani.

Eda ilipokwisha nilikwenda Zegereni. Niliwakuta kwenye duara. Nikasimama katikati mwenyewe, sikungoja kuwekwa, nikamwambia mkurugenzi sitaki kazi wala pesa, nataka aje Kisarawe amweleze shemeji kwamba sikuwaita.

Akatabasamu. "Mama yetu," akasema, "tusilete mambo ya nyumbani kazini."

"Wewe ndiye uliyeleta kazi nyumbani kwangu," nikamwambia. "Ukaileta na viatu."

Hakuna aliyepiga makofi. Dada meneja alikuwa anaangalia simu yake. Nikaitoa mkobani aproni yangu ya kazi, nikaiacha juu ya meza ya kumenyea, nikatoka.

Baadaye mkurugenzi aliniletea ujumbe wa pole kwenye simu, mrefu, umepangwa vizuri. Ujumbe sitaki. Shemeji hasomi ujumbe wa simu ya mtu mwingine.

Nawataka wote wawili, kwa miguu yao. Waje mchana, shemeji akiwepo na wifi akiwepo, wavue viatu mlangoni, wakae kwenye mkeka ule ule, bado ninao. Dada meneja aseme alibisha hodi akisema amekuja kufanya nini. Aseme na poda ilitoka mkoba wa nani. Na wewe mkurugenzi, jiite kaka, niite mama au utakavyo, lakini utamjibu shemeji yangu mbele ya watu: ni nani alikuruhusu kuuvuka ule mlango?