Saumu Niliyomzulia Baba

Nilimwambia baba ni Ramadhani ili nile samaki wake. Ndiyo hiyo, nimesema. Ramadhani ilikuwa imepita zamani, na samaki alikuwa wa mto Lualaba, mwenye mafuta, mama alimfunika kwa sahani kabla ya kwenda shambani.

Tangu baba aanguke na baiskeli kwenye mteremko, njia ya Kabambare, bidoni za mawese, yale madumu makubwa, zikamlalia mgongoni, miguu yake haisikii kitu. Mgongo wenyewe unasikia kwa niaba ya wote. Analala chumba cha mbele, nami nikitoka masomoni ndiye mlinzi wake: kumgeuza, kumpa kinini, kidonge cha maumivu, kujibu. Kujibu ndiyo kazi. "Baiskeli iko wapi?" Najibu. Sijakaa vizuri: "Baiskeli iko wapi?" Siku nyingine naona kama mimi ndiye niliyelazwa.

Munganga wa zahanati, anayemsafisha vidonda vya kulala, alitueleza. Kelele ya mgongo uliovunjika inapanda mpaka kwenye ubongo, hainyamazi hata usiku. Walinzi wa ubongo wanakaa wamewaka kila siku, mwisho wanaunguza nyumba wanayolinda, na pale pa kushika kumbukumbu panadhoofika. Nilielewa upesi. Darasa letu liko ubavuni mwa mashini ya kusaga mihogo.

Basi, nilipomwambia ni Ramadhani, baba akaitika tu, "Alhamdulillahi, nafunga." Nikalamba vidole. Halafu saa ya kinini ikafika.

"Baba, kunywa dawa."

"Mutoto, unataka nifungue muchana?"

"Nilikuwa nacheza tu. Haiko Ramadhani."

"Shetani anakuja na sura ya mutoto yangu!"

"Na mugonjwa hafungi, baba."

"Nani mugonjwa? Ni mugongo tu."

Nikafungua dirisha. "Angalia, watu wanakula mihogo inje!"

"Wakristo hao."

"Na yule mwenye kofia ya sala?"

"Musafiri."

Aliyeshindwa kushika habari ya baiskeli alikuwa ameshika sheria zote za saumu. Jasho likamtoka. Akauma ncha ya blanketi. Nikisogeza kikombe, anabana midomo. Kutoka kuita mtu siwezi, maana akijipindua peke yake anaanguka. Nikakaa pale, kikombe mkononi, samaki tumboni, mzaha hata mmoja sina. Nilitamani aniulize baiskeli. Hakuuliza.

Mama akarudi na kuni kichwani. Nikamwambia yote, mpaka mifupa niliyomtupia paka. Hakunipiga, na hilo ndilo liliniogopesha. Akachuchumaa karibu na baba.

"Muzee, daku ulikula nini?"

Baba akatafuta. Nilimwona macho yakizunguka dari, kama mtu anayepapasa gizani nyumbani kwake mwenyewe.

"Sikumbuki."

"Mu hii nyumba daku napika mimi. Leo sikuamuka kupika, na nia ya saumu hatukutia usiku. Basi haukufunga. Kunywa."

Akanywa. Maji mengine yakamwagika kifuani. Kisha akanigeukia.

"Kumbe nimesahau tena. Unisamehe, mwanangu, nilikuita shetani."

Mimi nisamehe! Mama akanivuta mpaka nyuma ya jiko, akanishika sikio bila kulivuta, akasema:

"Kesho akikuuliza kama ni Ramadhani, utamwambia hapana. Akiuliza tena, utamwambia hapana. Na usicheke mpaka yeye acheke kwanza."