Mayai ya Kijani ya Mama

Ndoo ilifika dukani kwangu Majengo, Sumbawanga mjini, asubuhi, imefunikwa kitenge, mayai yamefukiwa ndani ya pumba za mpunga kama mama anavyoyafunga siku zote. Nikaanza kuyapanga kwenye trei. Katikati ya meupe yakatokea ya kijani. Nilidhani ni uchafu, nikasugua kwa kidole chenye mate, rangi haikutoka. Kijani mpauko, kama kipande cha sabuni ya kufulia kilichosahaulika juani.

Mteja mmoja aliokota moja, akaligeuzageuza, akalirudisha polepole.

"Haya ya wapi?"

"Ya mama, kule Ilemba," nikajibu, na papo hapo nikatamani ningenyamaza.

Asiye wa kwetu anaweza kucheka. Sisi wa Sumbawanga tumezoea utani; ukienda mkoa mwingine ukataja kwenu, mtu anauliza umekuja kwa basi au kwa ungo kama wachawi. Huwa nacheka nao, na moyoni nimekasirika. Lakini mama yangu ni mjane, anaishi peke yake, na macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Najua maneno ya namna hii yanavyoanza. Hayaanzi kwa kelele. Mtu anasema tu kwamba kuku wa yule bibi si wa kawaida, na mwingine anaitikia.

Nikafunga duka mapema, nikakaa na simu kutafuta la kumtetea nalo mama. Nikasoma kwamba ganda la kila yai asili yake ni jeupe, na rangi hupakwa yai likiwa bado tumboni mwa ndege. Rangi zenyewe ni mbili tu, ya kahawia na ya kijani kibluu, zinazochanganywa kwa namna nyingi. Bundi anayetaga ndani ya shimo la mti, mayai yake ni meupe, maana yameshajificha. Ndege aitwaye kiluwiluwi anataga chini mahali pa wazi, kwa hiyo ya kwake yana madoa kama udongo. Na wapo videge vya nyasini ambavyo kila jike ana rangi yake, ili ndege mwingine akipenyeza yai kiotani, mwenyewe alitambue. Lisilofanana na mengine hutupwa nje. Hapo nikazima simu. Hilo la kutupwa nje ndilo nililokuwa naliogopa.

Kesho yake nikapanda basi la kushuka bondeni, Ilemba. Njia nzima nilikuwa napanga: kuku achinjwe, tumle, maganda yafukiwe. Nikamkuta mama uani anachambua mchele kwenye sinia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona hukupiga simu? Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa. Huyo kuku wa mayai ya kijani ni yupi?"

Akanionesha kwa kidevu tetea mweusi aliyekuwa akiparua jivuni. "Rangi imetoka kwa baba yake, jogoo wa majirani Wasukuma. Tulibadilishana majogoo."

"Na nani mwingine ameyaona hayo mayai?"

"Nani hajayaona?"

Nikakaa. Nikainama karibu naye, nikashusha sauti.

"Mama, niambie ukweli. Hukumwekea kitu huyo kuku?"

Aliacha kuchambua. Mara jirani yake akaingia uani na bakuli la mayai meupe. Kwetu huendi kuomba mayai ya kuatamisha mikono mitupu. Yai kwa yai. Wakabadilishana, meupe yakabaki, ya kijani yakaingia bakulini. Yule jirani akaomba kipande cha mkaa, akalitia kila moja alama kwa mazoea, kana kwamba rangi haikutosha kuyatenga na mengine ambayo kuku wake angetaga juu yake.

"Yakianguliwa yote nitakuletea kifaranga," akasema. Akanisalimia vizuri, akaenda zake.

Mama akavuta sinia, akarudia kutoa mawe kwenye mchele. Nilingoja anicheke, au anigombeze.

"Hapa wanakuja karibu kila wiki," akasema bila kuinua macho. "Wote wananiomba mbegu. Aliyekuja kuniuliza nimeweka nini ni wewe tu, mwanangu."