Chungu Kilichosuguliwa

Jumanne moja ya mwezi wa sita, asubuhi, mama alifariki. Tulimzika kijijini upande wa Magu, kando ya kaburi la bibi. Niliporudi Buswelu nikakuta chungu chake nacho kimepotea, ingawa kilikuwa palepale jikoni.

Nieleze vizuri. Mama aliishi nami miaka yake ya mwisho. Mimi ni fundi baiskeli, nimepanga vyumba viwili, na mwenye nyumba hataki moshi wa kuni uani. Kwa hiyo mama alipika pombe ya mtama kwenye jiko la gesi la plati moja, kwa sufuria ileile ya ugali. Alipika uji mzito mara mbili au tatu, akauacha upoe, akachanganya kimea cha ulezi, akamimina kwenye chungu kilichokaa pembeni. Kesho yake chungu kilianza kutoa sauti kama mvua ya mbali. "Sikiliza, inaongea," alikuwa akisema.

Chungu kile hakikuoshwa kwa sabuni hata mara moja. Alikisuuza kwa maji, basi. Ule utando mweusi wa ndani ndio uliokuwa chachu yake.

Siku za msiba, kabla ya safari ya kuzika, wanawake waliosha vyombo vyote vya nyumba, kama desturi ilivyo. Mama mdogo, ambaye ni mdogo wake mama wa tumbo moja, alikichukua chungu akakisugua kwa steelwaya na sabuni ya unga. Niliporudi kutoka kuzika, kilikuwa kinanukia limau.

Nikakirudisha pembeni mwa jiko. Ningemlaumu vipi mtu aliyevimba macho kwa kulia?

Lakini kabla hatujaachana makaburini, mjomba, kaka yake mama, alikuwa ameniita pembeni. "Mjomba," akaniambia, "siku ya kumaliza msiba usiniletee bia za dukani. Niletee kibuyu kimoja tu, kitoke kwenye chungu cha dada. Nitamwagia hapa." Nikaitikia, ndiyo mjomba.

Nikaanza. Sufuria ilikuwa pana na moto wa gesi ni duara dogo katikati, kwa hiyo katikati uji uliungua na pembeni ukabaki mbichi. Nikakoroga mpaka mkono ukafa ganzi. Gesi ikaisha sufuria ya pili ikiwa jikoni, nikabeba mtungi kwenye baiskeli kwenda kuubadilisha, niliporudi uji umeganda. Jirani wa chumba cha mbele akachungulia mlangoni.

"Shemeji, leo umekuwa mama pombe?"

"Acha tu."

"Oa, shemeji! Utaungua vidole na spoku za watu utashindwa kukaza."

Alikuwa ananichangamsha. Siku hiyo sikuweza kucheka.

Nilimimina, nikafunika kwa kitenge cha mama, nikangoja. Nikaweka sikio. Kimya. Siku zilizofuata nikaweka sikio tena, kabla ya kazi na baada ya kazi. Mwishowe juu ukaota ukungu wa kijani na harufu ikawa ya kitambaa kilicholowa. Nikaenda kumwaga nyuma ya choo. Nilikasirika, nikakipiga chungu teke, kisha nikakikagua kama kimepasuka. Hakikupasuka.

Nikampigia simu mama mdogo. Shikamoo, marahaba, halafu nikamweleza pombe imegoma.

"Chungu si kisafi?" akauliza. "Nilikisugua mwenyewe mpaka kikang'aa."

"Ndiyo shida yenyewe, mama mdogo. Chachu ilikuwa mle ndani."

Akashusha sauti. "Basi mwanangu, tia hamira ya mandazi. Nani atajua?"

Nikanunua hamira. Nikapika upya, safari hii kwa moto mdogo, uji haukuungua. Pakiti niliiweka juu ya meza na sikuifungua. Ningeitia, ingefoka vizuri na mjomba angefurahi. Lakini aliomba kitu kinachotoka kwenye chungu cha dada yake, na hamira ilitoka dukani. Nikaulaza uji na kimea chunguni, bila hamira. Usiku kulikuwa na baridi ya kiangazi. Siku ya safari ilipofika, pombe ilikuwa bado tamu kama ya watoto.

Nikaifunga kwenye chungu chenyewe, nikakipakata garini mpaka kijijini.

Makaburini mjomba alichota kwa kibuyu, akaonja, akanitazama.

"Hii ni togwa, mjomba."

"Ndiyo, mjomba. Chungu kilioshwa kwa sabuni. Pombe haikukubali."

Mama mdogo alikuwa amesimama nyuma yangu. Akainamisha kichwa.

"Hukutia kitu?"

"Sikutia."

Mjomba akashika kibuyu kwa mikono miwili, akakaa nacho. Nilidhani atakirudisha. Kisha akainama, akamwaga taratibu kaburini, upande wa kichwa. "Dada," akasema, "leo ni tamu. Mwanao hana kingine." Kilichobaki tulikinywa, watu wazima tunakunywa togwa huku mmoja akiuliza kama kuna na biskuti. Juu ya kaburi sisimizi walikuwa wameshaanza kujipanga kwenye ule unyevu.

Jioni wanawake wakakusanya vyombo. Mama mdogo akakiinua chungu, steelwaya ikiwa mkononi. Akaingiza uso ndani, akanusa. Akakirudisha chini machicha yakiwa bado yamegandamana kwenye kuta zake za ndani, akaendelea na sahani.